Tumbo la Binti wa Tangawizi

Benchi letu liko Jegi-dong, kwenye soko la mitishamba, mbele ya kliniki ya dawa za asili, karibu na mashine ya kahawa inayotia sukari inavyotaka yenyewe. Leo vicheko vilikuwa haba. Tangawizi, muuza mizizi mwenzetu, hakuondoa macho mlangoni, maana binti yake Da-hye alikuwa ndani kwa tabibu, ameshindwa kusimama wima tangu asubuhi. Msichana huyo alikataa wali zamani. Mchana anakunywa unga wa kopo wa kupunguza mwili, umekorogwa kwa maji ya barafu. Jioni tambi za mzizi wa konyaku zisizo na ladha wala nguvu. Tumemwona akikua hapa hapa sokoni, na hali yake inatuuma.

— Tumbo ni chungu, — alianza Kwato, mkata pembe za dawa. — Moto wake ni wengu. Ukiumwagia barafu kila siku, utaivisha nini?

— Si barafu, kaka. Ni kutotafuna, — alisema Profesa, ambaye hajawahi kufundisha mtu. — Tumbo lisiposikia meno, linadhani mwenye tumbo keshakufa.

— Acha uchuro, bwana. Mtoto wa watu yuko ndani.

— Na zile tambi haziyeyuki, — aliendelea Profesa. Zinasokotana humo mpaka zinakuwa kamba. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Asali imeingiaje hapo?

— Utaelewa ukikua.

Tangawizi alikohoa.

— Mimi nilijua chakula kimemkwama. Jana jioni alishika kifua, jasho baridi linamtoka. Nikamsugua mkono, nikamfunga kidole gumba kwa uzi, nikamtoboa kwa sindano ili kilichokwama kizibuke, kama mama alivyonifanyia mimi. Damu ikatoka nyeusi.

— Ushahidi huo, — alisema Kwato. — Kuna kitu kilikwama.

— Keki ya mchele, — alisema Profesa. — Ile huwa inajificha nyuma ya ini.

— Hakupata nafuu. Nikamtoboa na gumba la pili. Hakulia, aliniangalia tu.

Mama mmoja tusiyemjua, aliyekuwa akisubiri dawa ya mumewe, aligeuka.

— Samahani, baba. Kwani alikuwa amekula nini?

Kwato alikodolea macho kikombe chake cha karatasi.

— Hakuna kitu, — alisema Tangawizi. — Tangu tulipowatambikia wazee sijamwona akila chakula cha kweli. Nilikuwa namtoboa mtoto mwenye njaa.