Nani Alikula Dola Thelathini za Ntwari

Kijiwe chetu hapa Base Camp, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ni benchi moja la kanisa. Mchwa walikula mguu wake mmoja, mchungaji akalitoa nje, Perpétue akaliomba, akaweka matofali mahali pa mguu, na sasa anauzia hapo kahawa ya tangawizi. Kwa nyuma bado limeandikwa kwa rangi nyeupe WAGENI, na wengi wetu tunaolikalia ni wageni tangu mwaka wa tisini na sita, basi hatujaona sababu ya kufuta. Kila asubuhi tuko watatu. Wa kwanza ni Nestor, tunamwita Gavana, kwa kuwa kule Uvira, Kongo, alikuwa mlinzi wa geti la banki, na mtu akilinda geti la banki miaka mingi huanza kuamini alikuwa ndani. Wa pili ni Kamugasha, Mnyankole wa Isingiro, polisi mstaafu, tunamwita Afande. Kiswahili chake ni cha kambi ya askari. Wa tatu ni mimi, wananiita Redio, na sababu siwezi kueleza kwa ufupi. Hiyo Jumatano ya mwaka 2014, Ntwari akaja, akakaa kwenye ncha ya benchi bila kuagiza kitu. Nikajua kuna msiba au kuna mahari.

Ilikuwa mahari. Ntwari ni kijana wetu, anachunga na kuuza maziwa, na amemchumbia Gaju, binti anayesomea uuguzi Nyamitanga, pale Mbarara, ng'ambo ya mto Rwizi. Wazazi wa Gaju wanakaa Kigali. Jumamosi sisi watatu tulikuwa tumsindikize Ntwari hadi Kigali kama wazee wake kupeleka mahari, dote kama tunavyosema Wakongo. Nauli yetu alishampa Gavana wiki iliyopita, ili isipotee. Na tulikuwa tumejiandaa vizuri. Mimi nilishavaa koti jipya, nilizoee joto lake. Gavana alikuwa na viatu vipya, kila baada ya dakika anavipangusa vumbi. Afande alikuwa na kofia mpya ambayo hakuna mtu aliyethubutu kuisema.

GAVANA: Dola ulipata?

NTWARI: Nilipata.

GAVANA: Za ile picha ya kichwa kikubwa? Hazina ka-kovu, hazina wino?

NTWARI: Ni mupya kabisa. Hazijakunjwa.

GAVANA: Basi mbona uko na sura ya mutu alifukuzwa?

NTWARI: Mu banki mulikuwa franga yangu, shilingi ya hapa, ya kununua dola mia ine. Nilitoka na mia tatu makumi saba.

Perpétue aliacha kumimina. Tuseme wazi, ili mtu asifikiri tunalia ovyo: dote kwetu huhesabiwa mbele ya watu, kwa sauti, noti moja moja, na upande wa binti wanafuata kwa midomo. Tuliahidi mia nne. Mhesabu akisimama kwenye mia tatu na sabini, hakuna atakayesema banki. Watasema Ntwari amemdharau mtoto wao.

REDIO: Pengine walikuibia dirishani.

NTWARI: Hapana. Ku banki ingine ya kubadilisha, inje kuko kibao kikubwa: KUBADILISHA PESA NI BURE. Nikaingia. Nikatoa kadi, mudada akapitisha kadi, akanipatia dola. Nikahesabu, nikamuuliza thelathini iko wapi. Akanionyesha kibao ingine, kidogo, nyuma ya chungu ya maua. Ile bei ya inje ni ya mutu wa franga mukononi. Mutu wa kadi ana bei yake, inapanda. Halafu juu ya ile, banki yangu nayo ikakata yake, ju nilitumia kadi fasi ingine, si kwabo. Simu ililia mara mbili mu mufuko, kila kukata na message yake.

GAVANA: Na kibao kinasema bure.

NTWARI: Kubadilisha ni bure. Njo alinijibu vile.

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza akatafuta dola thelathini. Sisi tukaagiza kahawa.

GAVANA: Sikiliza, miye nilikuwa mu banki.

PERPÉTUE: Ku geti.

GAVANA: Geti ni ya banki. Ile kadi yako, Ntwari, franga haiko ndani. Ukiipitisha, franga inatoka Mbarara inaenda Kampala, Kampala inaenda Ulaya, Ulaya bananunua dola, dola inarudia njia ileile. Sasa sisi wote tunajua njia. Barrière ngapi za askari? Kila fasi unapita unaacha kitu. Franga yako ilisafiri, ikalipa.

NTWARI: Kwa dakika moja?

GAVANA: Njo maana ni bei kali. Ilikuwa express.

AFANDE: Mimi nakataa. Ndani ya hiyo banki iko baridi?

NTWARI: Iko baridi, ndiyo.

AFANDE: Hapa inje jua nachoma watu, ndani watu navaa sweta. Wewe nafikiri baridi iko bure, ssebo? Wewe nakaa ndani saa gapi?

NTWARI: Kama saa moja. Kulikuwa mustari wa batu.

AFANDE: Saa moja ya baridi. Na kiti?

NTWARI: Nilikaa, ndiyo.

AFANDE: Banange. Huyu nakaa.

Mimi nikaona wananipita. Siwezi kuachwa nyuma kwenye benchi langu mwenyewe.

REDIO: Yule mudada alikucheka?

NTWARI: Alinicheka kidogo, aliponipokea.

REDIO: Meno yalionekana?

NTWARI: Yote.

REDIO: Basi. Muone mutu wa kugawa posho hapa Nakivale, hachekake, na hakatake kitu. Yule wa banki anacheka, anakata. Ile kucheka bamemufundisha, na shule yake bei yake tunalipa sisi.

PERPÉTUE: Redio, miye ninakucheka kila siku na bado haujalipa kahawa ya Jumatatu.

Gavana alipangusa kiatu cha kushoto, akainua mkono kama mhubiri anayeomba kimya.

GAVANA: Munacheza. Ku kila dola kuko picha ya ule muzee, si ni kweli? Sasa miye nikipiga Ntwari picha, nikaiuza, Ntwari hadai yake? Ule muzee ana bajukuu. Bako mingi. Kila noti ikipita mu mukono mupya, bajukuu banapata yao. Mia tatu makumi saba, bajukuu thelathini, kila mumoja dola yake. Hesabu inaingia sawasawa.

AFANDE: Na wewe nasahau kauzi. Ndani ya dola iko kauzi, uzi ndogo. Hiyo kauzi nasikia. Ntwari naingia, kauzi naambia banki, huyu ni mutu ya Nakivale, napata mahindi ya bure. Banki nasema, sawa, kata ya mahindi.

NTWARI: Mahindi ya dola thelathini?

AFANDE: Na maharage.

Tulicheka mpaka tofali la benchi likasogea. Ntwari hakucheka. Alikuwa ameshika mfuko wa shati kwa mkono mmoja, pale dola zilipokuwa, na macho yake yalikuwa mekundu. Alisema polepole kwamba atauza mtamba wake mmoja kabla ya Jumamosi, na kwamba ukiuza kwa haraka hapa, mnunuzi anaiona haraka yako, anakupa nusu. Niliumia kusikia, nasema kweli. Halafu nikaomba sukari.

Wakati huo mama mmoja alishuka kwenye teksi iliyotoka Mbarara. Mtu mzima, kitenge safi, mkoba mdogo, mwendo wa mtu asiyeulizwa anakokwenda. Akasoma maandishi ya nyuma ya benchi, akakaa palepale katikati, Afande akabanwa ukingoni. Perpétue akampa kahawa.

MAMA: Muko na shida gani hapa? Nilisikia munataja dola tangu ku barabara.

Mtu akiuliza hivyo mbele ya Gavana, amejitakia. Akaelezwa yote: kadi, chungu ya maua, wajukuu wa yule mzee.

MAMA: Na kwa nini dola?

GAVANA: Mama, bakwe bake bako Kigali, lakini ni batu ba kwetu kabisa. Batu ba kwetu, dote ni dola. Ukibapelekea noti iko na ka-kovu, banakurudisha ku mulango.

REDIO: Hasa shangazi ya binti. Huyo bananiambia anaweka noti ku jua, anatafuta kauzi.

Sijui nilikoyatoa. Yalikuja tu, kama kawaida yangu.

MAMA: Shangazi anaitwa nani?

NTWARI: Mukamazimpaka. Sijamuona bado.

MAMA: Umemuona.

Ntwari alisimama, akapokea mkono wake kwa mikono miwili, akainama mpaka nikaogopa dola zitaanguka.

SHANGAZI: Kaa, mwanangu. Nani alikuambia tunataka dola?

Wote tukamgeukia Gavana. Gavana aliangalia ndani ya kikombe chake.

GAVANA: Ni desturi, mama. Tulidhani.

SHANGAZI: Mulidhani. Baba ya Gaju anasema hivi. Mutoto amebakiza mutihani ya mwisho. Shule inadai, na asipolipa haingie mu mutihani. Dote yote iende kulipa pale Nyamitanga, kwa shilingi ya hapa, miye nisimame kwa niaba ya familia. Hakuna kwenda Kigali. Bamuhesabie nani kule, na binti iko hapa? Tulimutuma Gaju akuambie. Anangoja siku ngapi sasa. Jana ulikuwa mu Mbarara?

NTWARI: Ndiyo, shangazi.

SHANGAZI: Kutoka ile banki mupaka kwa Gaju, katikati kuko nini?

NTWARI: Muto Rwizi.

SHANGAZI: Hakuna daraja?

NTWARI: Daraja iko. Lakini bazee balinikataza. Balisema kijana hapaswi kuonana na muchumba kabla ya dote, itakuwa aibu. Hata kumupigia simu ao kupokea yake balikataza.

SHANGAZI: Bazee gani?

Akatuangalia. Sikupenda alivyotuangalia. Afande alivua kofia yake, akaiweka gotini, akaona inaonekana zaidi, akaificha nyuma ya mgongo.

AFANDE: Mama, si kitu. Ntwari narudi banki, nageuza dola, nakuwa shilingi tena.

PERPÉTUE: Na pale kurudi, banakata tena?

GAVANA: Kugeuza ni...

Alitaka kusema bure. Neno lilifika kwenye meno, likarudi.

Ntwari alikuwa anapiga hesabu kwa vidole juu ya paja. Alisema kilichobaki hakitatosha karo yote. Shangazi akamwekea mkono begani. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hiyo ndiyo ilinitisha. Alikuwa anatafuta njia, kama mama anayepapasa jikoni gizani akijua kiberiti kipo.

SHANGAZI: Tuone. Hawa bazee batatu balikuwa baende Kigali na kurudi. Bus kwenda, bus kurudi, chakula ya njiani. Uliisha kubapa nauli?

NTWARI: Nilimupa Gavana. Ya bote batatu.

SHANGAZI: Mungu iko. Ile itaziba shimo, na inaweza kubaki ya sukari. Hakuna mutu anaenda Kigali tena. Baba, ile nauli iko wapi?

Hili lilikuwa swali dogo kabisa, hata mtoto wa chekechea angelijibu. Niliona Gavana anarudisha miguu yake miwili chini ya benchi, taratibu, moja baada ya nyingine. Afande alikuwa amekalia kofia. Mimi jasho lilikuwa linanitoka tangu asubuhi, na sasa koti zima lilikuwa limenishika mgongoni. Hakuna kati yetu aliyezungumza habari za Ulaya, wala kauzi, wala meno ya mtu. Ntwari alitazama viatu, akatazama kofia ilivyobonyea, akanitazama mimi, na niliona anafika mahali ambapo dirishani kule banki hakufika.

Nikajikohoza.

REDIO: Perpétue, mwongezee mama kahawa.

PERPÉTUE: Kahawa imeisha.

Nikaanza kufungua vifungo vya koti.