Barua ya Macho ya Mama Iliyofichwa Kwenye Taka

Nisikilize, ndugu yangu uliyeketi hapo na simu yako mkononi: Bwana asifiwe sana! Sikuja mbele kusimulia habari za mapepo wala za ajali ya lori. Nimekuja kushuhudia jinsi Mungu alivyonitoa katika kifungo cha barua pepe. Naona wengine mnacheka. Chekeni tu, hata mama mchungaji alicheka nilipoomba nafasi hii. Lakini nikimaliza, utamtukuza Mungu pamoja nami.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni Mama Lusajo, nauza mchele na maharage hapa Tunduma. Nyumbani kwetu ni Mbebe, kule Ileje, ambako mama yangu mzazi bado analima. Nasema analima, lakini wakati ule alikuwa amebaki kupapasa. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Maharage aliyapalilia kwa vidole, anagusa jani ajue hili ni haragwe au ni gugu. Kitukuu wake wa mwisho hakuwahi kumwona uso.

Ndipo tukasikia kwamba madaktari wa macho wanakuja kwenye hospitali moja kubwa ya upande wetu. Tukaenda kumwandikisha. Simu ya mama haina uhakika, kwa sababu kule Mbebe mtandao unaupandia kilimani, nayo yangu inashinda inapigwa na wateja. Basi nikasema kwa kujiamini, "Andikeni barua pepe yangu. Mtatuma huko." Ndugu zangu, sikujua kwamba nawapa anwani ya nyumba iliyokwisha kuvamiwa!

Nieleze taratibu, maana najua wengine hapa mnapita njia hiyo hiyo.

Anwani ile nilifunguliwa kwa ajili ya wateja wangu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka kule Zambia, waliopenda bei ziandikwe. Baadaye nikawa naiandika popote nilipoulizwa, kama mtu anavyotaja jina lake. Siku moja ikaingia barua ya mgeni. Alianza vizuri: "Mpendwa, habari za familia?" Akasema yeye ni mjane wa nchi ya mbali, ana urithi, anatafuta mtu mwaminifu. Sasa mimi nimelelewaje? Kwetu salamu haiachwi chini. Ukivuka hapo Nakonde mtu akakuambia "Mulishani," unaitikia "Bwino," hata kama una gunia kichwani. Kwa hiyo nikamjibu: "Sisi hatujambo. Pole sana na msiba. Urithi wako siuhitaji, Mungu akutunze." Nikajiona nimefanya jambo la utu.

Loo! Nilikuwa nimefungulia mafuriko! Wakaja wa dawa za kunenepesha na wa dawa za kukondesha, tena siku moja. Akaja wa gari nililoshinda kwenye shindano nisilolijua. Ikaja benki ambayo sina akaunti, ikitaka neno langu la siri. Huyo neno la siri sikumpa, namshukuru Mungu, lakini salamu nilimpa. Wote niliwajibu kwa adabu. "Asante, sihitaji." "Asante, nimeridhika na mwili wangu." Na kadiri nilivyojibu ndivyo walivyozidi. Asubuhi nafungua kibanda, nakuta wamejaa. Wateja wananisubiri na mifuko yao, mimi nimeinamia simu nawaitikia watu wa dunia nzima.

Wiki zikapita. Nikaona kimya kimezidi, nikapiga simu hospitalini. Dada wa mapokezi akaniambia, "Mama, barua tulishatuma. Unatakiwa uijibu kuthibitisha kwamba mgonjwa atakuja, mwisho Ijumaa. Usipojibu, nafasi anapewa mwingine."

"Mwanangu, siwezi kukuthibitishia hapa hapa kwa mdomo?"

"Hapana, mama yangu. Ni kwa barua ile ile. Hebu angalia vizuri."

Niliangalia! Nilisogeza kidole juu na chini mpaka kikafa ganzi. Nywele za bandia, mikopo ya haraka, wajane, wachumba, magari. Barua ya hospitali sikuiona. Mama akapanda kilimani kwake akanipigia. "Wameita?"

"Bado, mama. Natafuta."

"Usijisumbue, mwanangu. Wangapi wamekufa hawaoni, na mbinguni wameingia?"

Neno lile lilinichoma kuliko kama angenigombeza. Alikuwa anaanza kuaga, ndugu zangu. Alikuwa ananisamehe mapema!

Alhamisi ni maombi ya akina mama. Nikaenda nikiwa nimefunga. Nikalia mbele za Bwana: "Wewe uliyetenga nuru na giza siku ile ya kwanza, nitengee na hizi barua!" Kisha, Mungu anisaidie, wenzangu wakiwa bado wamefumba macho, mimi nikafumbua langu moja nikaitazama simu. Palikuwa na wageni wapya. Nikaanza kuwajibu.

Mkono ukanigusa. Alikuwa Mama Upendo, anayeimba nami sauti ya pili, ambaye kazi yake ni katika ofisi ya kutoa mizigo hapo mpakani.

"Mama Lusajo, hata kwenye maombi unachati?"

"Sichati. Nawajibu watu."

"Watu gani?" Akachungulia, akajiziba mdomo. "Huyu anayeuza nywele unamwambia 'ubarikiwe'?"

"Si amenisalimia!"

"Jamani, dada yangu! Hakuna aliyekusalimia hapo. Hiyo ni mashine. Inapiga hodi kila mlango duniani, haijui mwenye nyumba ni nani. Wewe ukiitikia tu, imejua humu mna mtu. Kesho inakuja na wenzake."

Nilihisi kama magamba yananidondoka machoni. Kumbe adabu yangu ndiyo iliyokuwa ikiwaita!

Tukatoka nje, tukakaa kwenye ngazi za kanisa. Nikamweleza habari ya mama. Akaacha kucheka kabisa. Akaandika jina la hospitali kwenye kile kisehemu cha kutafutia, kilichopo juu kabisa ya barua. Tukasubiri. Hakuna kitu. Nikaanza kulia. Akasema, "Subiri, dada. Hatujaingia kwenye Barua Taka."

"Wapi huko?"

Akabonyeza mistari ile mitatu ya pembeni, ikashuka orodha, na kwa chini pameandikwa: Barua Taka. Ndugu zangu, miaka yote hiyo ndani ya simu yangu mlikuwa na chumba ambacho sijawahi kukifungua! Akaingia, akasogeza kidogo. Kisha akanipa simu. Jina la mama yangu! Limeandikwa kwa herufi kubwa, katikati ya wauza dawa na waganga wa mapenzi.

Mama Upendo akanieleza, na mimi nawaeleza ninyi. Hospitali ilituma barua kwa wagonjwa wengi kwa mpigo. Mtambo unaolinda barua zetu ukadhani ni mchuuzi mwingine, ukaitupa kule. Na kule vitu havikai milele. Vikipitwa na muda vinafutwa vyenyewe. Ile ya mama ilikuwa inakaribia. Siku chache zaidi, isingekuwepo popote duniani.

Nilipiga magoti pale pale kwenye kokoto. Nikawaza, ni nani aliyeizuia isifutwe? Ni nani aliyemwamsha mwenzangu afumbue macho saa ile ile? Nilisema tu, "Yesu, Yesu."

Tukaijibu. Kabla hatujamaliza kufunga kanisa likaingia jibu: "Tumepokea. Karibuni."

Ndipo Mama Upendo akanisafishia nyumba. Kila barua ya mgeni asiyejulikana, hatukuijibu wala kugusa kiungo chake; tuliichagua tukabonyeza palipoandikwa iripotiwe kuwa taka. Mashine ikawa inajifunza. Kisha siku iliyofuata, kwa kompyuta ya ofisini kwake, akanitengenezea kichujio: barua yoyote inayotoka kwenye anwani ya hospitali isipelekwe kamwe kwenye taka, na zenye maneno kama "umeshinda" au "urithi" zisinifikie. Asubuhi yake nikafungua simu. Kimya! Barua mbili tu, zote za wateja wangu. Niliitazama simu ile kama mtu anavyotazama ziwa baada ya dhoruba.

Na mama? Siku walipomfungua kitambaa baada ya upasuaji nilikuwa nimesimama mbele yake. Alipepesa, akanitazama kwa muda mrefu. Nikasema, "Mama, ni mimi."

Akasema, "Sauti naijua. Lakini mbona umezeeka hivi?"

Wodi nzima ilicheka, na wauguzi. Kisha akageukia dirishani. Palikuwa na mti tu na nguo zimeanikwa. Alitazama kama anayetazama utukufu.

Ndugu zangu, Mungu wetu si mkubwa mno hata asishuke kwenye kijisanduku cha barua cha muuza mchele. Anajua barua yako ilipo. Sifa na shukrani zote ni zake, naye ambariki Mama Upendo mikono yake. Ukiwa umesongwa na mambo mengi hata lile moja la uzima huwezi kuliona, mwamini, mwambie akutengee. Naye akikutumia mtu wa kukuonyesha, usione aibu kuonyeshwa.

Sasa toa simu yako. Fungua barua pepe, bonyeza mistari mitatu ya pembeni, ingia kwenye Barua Taka. Usimjibu yeyote humo. Soma majina polepole, kuanzia juu mpaka chini, na ukikuta unalolijua, fungua barua hiyo, kisha bonyeza palipoandikwa kwamba si taka.