Chuma cha Ernestine

Kijiwe chetu cha Kakese ni ubao mmoja mbele ya kibanda cha Fabiani mchomeleaji, tunayemwita Cheche. Leo hata habari za mpira hatukuzigusa. Mzee Libérat kaja na chuma cha chapati cha marehemu mkewe, Ernestine, kile kilichokatwa kwenye diski ya jembe la trekta. Jumamosi ni kuganduka, siku ya kumaliza msiba, na wageni wanatoka mpaka Mwese. Mzee alitaka wale chapati za chuma kile kile. Kwa heshima akakisugua kwa mchanga na waya mpaka kikang'aa. Sasa kila chapati inanata, inatoka vipande vipande. Jamani, uzee huu!

— Ule weusi ulidhani uchafu? akauliza Deusdedit, Profesa wetu wa kidato cha nne. Yale yalikuwa mafuta, mzee. Molekuli zake zikigusa chuma cha moto zinakishika, zinakatika, zinaungana zenyewe kwa zenyewe. Zinageuka ngozi. Mafuta tena hakuna hapo!

— Mficha uchi hazai, akasema Cheche. Nawe umekivua nguo.

— Methali hiyo inaingiaje hapa?

— Inaingia tu. Halafu siyo mafuta peke yake. Moshi umo, chumvi imo. Ile harufu ya asubuhi, nyie mmeisahau?

Nani aisahau! Ukiinusa tu, ghafla unakumbuka una shida ya kumwona Libérat nyumbani kwake.

— Basi hata nyimbo zake zimo, Profesa akapandisha dau. Si alikuwa anaimba Kirundi akigeuza chapati? Pumzi inatoka, inatua kwenye chuma, inaganda.

— Weee! Acha fiksi!

— Sayansi hiyo.

Libérat akapitisha kidole kwenye chuma kile cheupe.

— Kwa hiyo nimezisugua.

Nilitamani kumzaba Profesa kofi. Kahawa yenyewe ikawa chungu mdomoni.

Scolastica, fundi cherehani aliyehamia juzi kutoka Majimoto, alikuwa kasimama pale akisubiri pedeli yake ichomelewe.

— Shikamoo baba. Pole na msiba. Lakini hicho chuma si kiliwahi kuwa kipya? Mama alianzaje?

Profesa akamwangalia Cheche. Cheche akanitazama mimi. Miaka yote ile sisi kazi yetu ilikuwa kula.

— Sijui, mwanangu, akasema Libérat. Mimi nilikuwa naletewa.