Mafuvu ya Kekeo na Mabakuli ya Wifi Yangu

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Profesa uliyemsimamia binti yangu, walimu wa idara ya wanyama, ndugu wageni waalikwa, mume wangu uliyebanwa na tai hapo mbele, na wewe wifi yangu uliyejificha nyuma ya nguzo ukidhani sikuoni: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeambiwa nina dakika chache. Hazitoshi kumsifu mwanangu hata kutoka visiginoni hadi magotini, lakini nitajitahidi. Mimi elimu yangu iliishia shule ya msingi, na leo nina daktari. Si daktari wa sindano, ni wa mafuvu ya ndege. Kama yupo asiyejua kuwa ni wangu, atazame pua ya binti, kisha atazame hii yangu.

Mafuvu ya ndege aitwaye kekeo yana faida gani? Hata mimi niliuliza, siku zile jikoni kwangu palipokuwa na ndoo yenye mfuniko na harufu isiyo na mfuniko. Binti akanikalisha. Akanipa fuvu la kekeo, jepesi kama ganda la karanga, na la dudumizi, ambaye ni wa ukoo huohuo.

"Mama, huyu anaokota viwavi mitini. Huyu anatembea chini, anakamata panzi na mijusi. Gusa nyuma ya jicho."

Nikagusa. Kwa dudumizi ukucha wangu ulizama kwenye bonde, pale msuli wa taya unaposhika. Kwa kekeo bonde ni dogo. Ndugu zangu, tangu siku hiyo sijamtazama kuku kwa macho yale ya zamani.

Sasa nije kwa wifi. Wifi yangu ni dobi, na mtaani wanamwita Mama Povu. Kitu chenye doa hakipiti mbele yake kikasalimika. Mwaka wa mwisho wa masomo, binti alikuwa amebakiza mafuvu mawili ya makinda waliookotwa wamekufa, mmoja wa kekeo, mmoja wa dudumizi. Bila hayo kazi yake isingekamilika, na muda wa kuongezewa haukuwepo. Mama Povu akaja kutusalimu, akayakuta dirishani yana rangi ya chai.

"Wifi, huyu mtoto anasoma au anaoza?" akaniuliza.

Nilipotoka kwenda dukani, akayaloweka kwenye dawa ya kung'arishia mashuka. Niliporudi na binti, mafuvu hayakuwepo tena. Palikuwa na vifupa tu, vimeachana kwenye maungio, kila kimoja na njia yake. Binti akainama kuvitazama. Shangazi yake akasema, "Mwanangu, nimekumaliza," akachukua mkoba wake, akatoka. Hajakanyaga kwangu tangu siku ile. Nikimpigia simu, ana nguo nyingi. Ni nguo gani hizo, wifi, zisizokauka mwaka mzima?

Hukungoja kuona kilichofuata. Kila fuvu ulikuwa umeliloweka kwenye bakuli lake, na karatasi yake ya jina umeibana ukingoni kwa kibanio cha nguo, kwa sababu dobi hachanganyi nguo za wateja wawili. Ndege akikomaa, mifupa ya kichwa hushikana hata usijue huu unaishia wapi na ule unaanzia wapi. Kwa makinda bado ilikuwa haijashikana, na dawa yako ikaiachanisha. Binti akaipanga kwa kibano juu ya kitambaa cheusi, ya kekeo huku, ya dudumizi kule. Ndipo akaona kile kifupa kilicho mbele ya jicho, jinsi kilivyo tofauti kwa hawa ndugu wawili tangu utotoni. Kwa miaka yote alikuwa akiitafuta tofauti hiyo kwenye mafuvu mazima, asiione.

Profesa, unakumbuka? Ulivitazama mpaka chai yako ikapoa, ukauliza, "Nani aliyekutenganishia vizuri namna hii?" Binti akajibu, "Shangazi yangu. Ni mtaalamu wa kufua."

Wifi, tulikutumia habari hizi ukadhani tunakucheka. Haya, leo nakwambia mbele ya Mkuu wa Chuo, na mimi mbele ya wakubwa sitanii. Vifupa vyako vimo ndani ya kabati hili la mafuvu ya binti tunalolizindua leo, rafu ya kati. Ni vyeupe kuliko vyote.

Profesa, nakushukuru kwa subira. Mume wangu, nakushukuru kwa kula sebuleni mwaka mzima bila kunung'unika sana. Binti yangu, wewe nitakushukuru nyumbani, hapa nitalia.

Nimepewa mkasi nikate utepe kama mama wa daktari. Umama wangu hauhitaji mkasi. Enyi nyote mlionipa masikio yenu, asanteni sana. Wifi, toka nyuma ya nguzo, uje ukate. Halafu twende nyumbani; mashuka yangu hayajang'aa tangu ulipoondoka.