Pawa Saplai ya Genoveva

Kwenye pantoni la Kigamboni, Genoveva wa mtaani kwetu alikuwa amepakata boksi la pawa saplai, kile kifaa cha kuipa kompyuta umeme, akimweleza mzee mmoja muuza vifaa vya umeme kwamba kompyuta ya mdogo wake asiyeweza kutembea huzimika kila akichora katuni.

“Hii nyaya zake zinachomoka, baba. Akiongeza kifaa, anachomeka tu.”

“Zikilegea je? Mie ningechukua ya nyaya zisizochomoka,” alisema mzee, ambaye hakuulizwa.

“Hazilegei zikikazwa. Na ataongeza vingi, kapata kazi ya katuni za watoto.”

Mzee aliomba boksi, akalipima mkononi kama papai. “Hongera yake. Asichomeke nyaya za ile ya zamani, haziendani na hii, zitaunguza kompyuta. Ila bado nasema...”

Pantoni likagusa gati. Walishuka wakibishana, boksi kalibeba mzee.