Kutoka Wachomekaji Hadi Wapenyaji

Mheshimiwa Mkuu wa Maktaba uliyetupatia ukumbi huu, ndugu mchapaji uliyetuvumilia, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wachezaji ninaowajua kwa lakabu tu: hamjambo?

Kwa wageni, nieleze kidogo. Mchezo tunaouzindua leo huchezwa mezani, kwa dadu na maneno. Kiongozi anasimulia mji wa miaka ijayo ambako makampuni yameshika kila kitu, na sisi tunajifanya watu wa mji huo: dereva, daktari, mpiganaji, na yule anayeingia kwenye kompyuta za wakubwa bila kupiga hodi. Huyo wa mwisho, toleo la kwanza lilimwita mchomekaji, maana ilimbidi achomeke waya nyuma ya sikio ndipo aingie. Jina hilo alilibuni mume wangu, yule pale mwenye koti la kijivu, fundi simu mstaafu. Angebuni nini kingine?

Mliocheza toleo lile mnakumbuka ilivyokuwa. Mchomekaji akishaingia, wanabaki yeye na kiongozi wakirusha dadu, na sisi wenzake hatuna la kufanya. Basi ikawa desturi yetu: akisema tu "nachomeka", tunanyanyuka wote kwenda jikoni kunywa chai. Miaka nenda rudi mume wangu ameiba siri za mji mzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona akiiba.

Binti yetu alipokabidhiwa kuandika toleo jipya, aliondoa waya. Sasa mtu huyo hutembea na wenzake, anafungua milango huku risasi zinapita, na anaitwa mpenyaji. Baba mtu akanuna. Alisema wazi kwamba jina likitoka, na yeye anatoka. Ndugu zangu, niliogopa. Meza ile ndiyo iliyotulelea ndoa, ningebaki nacheza na nani? Binti hakubishana. Alimwomba acheze mara moja, kisha aamue.

Tukacheza. Tulikuwa tumebanwa ghorofani kwenye jengo la kampuni moja, walinzi wanavunja mlango, mimi mpiganaji nimeishiwa risasi, na njia pekee ya kutokea ni lifti iliyofungwa kwa kompyuta. Mume wangu akashika dadu. Hakunyanyuka mtu. Dereva alikuwa amening'ang'ania mkono, daktari anatafuna kola ya shati lake. Lifti ilipofunguka tulipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta, na mume wangu akatutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta wageni. Halafu akaenda jikoni, akagusa birika, akarudi kumwambia binti yake: "Mwanangu, leo chai imepoa."

Tangu siku hiyo jina la zamani halitaji, isipokuwa anapotaka kunichokoza.

Mwanangu, hongera. Wengi watakusifu kwa sheria mpya na picha nzuri, na unastahili. Mimi nakushukuru kwa sababu baba yako sasa anacheza na sisi.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu na subira yenu. Chai iko tayari nyuma ya ukumbi, ila mume wangu anakaa sasa hivi kwenye meza hii ya mbele kuonyesha mchezo. Naomba mtu asinyanyuke mpaka mpenyaji wetu atoke.