Pumzi ya Mwalimu wa Mawimbi: Dkt. Tobias Owuor Amolo, 1961–2025

Marehemu Dkt. Tobias Owuor Amolo alizaliwa tarehe 9 Aprili 1961 huko Kericho, katikati ya mashamba ya majani chai, ambako baba yake alikuwa karani. Alikuwa kifungua mimba, na mdomo alijaliwa, jamani!

Alisoma shule ya msingi palepale shambani, akahitimu fizikia Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1984, kisha akapata uzamivu Cape Town mwaka 1995. Mwaka uliofuata aliajiriwa chuoni hapa Johannesburg, kufundisha jinsi upepo unavyoyapa mawimbi ya bahari nguvu. Watu walimcheka: profesa wa bahari, katika mji usio na hata ufuko! Yeye aliwajibu, "Kwani daktari wa moyo anakaa kifuani?"

Alifunga ndoa na Monicah Kerubo tarehe 12 Desemba 1998, Durban. Kwa kuwa upepo haukuwepo, alimwapia bibi harusi kwamba bahari imetulia, wakashuka ufukweni kupiga picha. Wimbi moja likamlowesha Monicah hadi shela.

"Huo upepo uko wapi, daktari?"

"Ulivuma juzi, mbali kusini," Tobias alisema kwa aibu. "Wenyewe umekwisha, nguvu yake bado inasafiri."

Monicah alicheka, ila kwa gauni lile hakumsamehe kamwe.

Mwaka 2023 Tobias aliugua mapafu, akawa mtu wa mtungi wa oksijeni nyumbani kwake Turffontein. Wanafunzi walimfuata huko kila Jumatano. Aliwapeleka bafuni, akapuliza maji ya hodhi la kuogea: kwa upana, viwimbi vikabaki vidogo; kwa urefu, vikakua, maana upepo ulipata nafasi ya kuyasukuma maji.

Monicah aliumia sana. "Baba Roy, hiyo pumzi ni ya kuishi!"

"Nikiiweka akiba, mama, atairithi nani?"

Walikosana kwelikweli. Monicah akafunga bafu, ufunguo akautia mfukoni.

Jumatano, tarehe 4 Juni 2025, wanafunzi walipofika, Tobias hakuweza hata kuinua kichwa. Aliwatazama tu, macho yamemjaa machozi. Monicah alijaza beseni maji, akalileta kando ya kitanda, akapiga magoti, akapuliza mwenyewe.

"Usikate upesi," mumewe alinong'ona. "Upepo sharti udumu."

Akapuliza tena, mpaka pumzi ikamwishia.

"Hapo sasa, mama."

Alifariki Ijumaa alfajiri, mkono wake mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, Monicah, watoto, Roy na Maryanne, mjukuu mmoja, na wanafunzi, ambao Monicah anawaomba waje Jumatano kama kawaida.

Mungu ampumzishe mwalimu wetu kwa amani.